Geji Kuukuu za Petroli Katika Ndege Ndogo

Asubuhi na mapema, kabla jua halijaukausha umande katika majani ya uwanja wa Wilson, Nairobi, rubani wa ndege ndogo hufanya jambo moja ambalo abiria wake kwa kawaida hawalioni. Akiisha kuketi na kufunga mkanda, na injini bado haijawashwa, hubonyeza swichi ya pampu ya umeme. Mlio mdogo husikika kutoka mbele, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Hapo rubani huinama kidogo akatazama kipimo kimoja kilicho katika ubao wa vipimo, ambacho upana wake ni kama inchi 2 tu. Mshale wa kipimo hicho ukiinuka kutoka sifuri na kuingia penye rangi ya kijani, huendelea na kazi yake. Usipoinuka, huzima kila kitu, akashuka na kumwita fundi.

Kipimo hicho ni geji ya msukumo wa petroli. Wengi hudhani kwamba huonyesha kiasi cha petroli kilichobaki tangini. Sivyo, hiyo ni kazi ya geji nyingine. Hii huonyesha nguvu ambayo petroli inasukumwa nayo kwenda kwenye injini. Tangi laweza kuwa limejaa pomoni, na injini ikafa kwa kiu juu angani kwa sababu pampu imekataa kufanya kazi. Mkulima aliyechimba kisima kirefu shambani mwake aielewa habari hii bila kufundishwa: maji mengi ya kisimani si maji ya bombani.

Ndege nyingi ndogo zinazoruka leo zina umri mkubwa kuliko marubani wake. Injini zake zimefunguliwa na kutengenezwa upya mara kadhaa, viti vyake vimeshonwa vitambaa vipya, redio zake zimebadilishwa. Lakini nyuma ya ubao wa vipimo, mahali pasipofikiwa na mkono ila kwa kulala chali sakafuni, geji ya petroli yaweza kuwa ni ile ile iliyotiwa kiwandani. Kwa sababu hiyo, habari ya kuondoa geji kuukuu na kuweka mpya imekuwa kazi ya kila mara katika karakana za ndege, nayo ni kazi yenye hatari na masharti kuliko inavyoonekana kwa mtu anayetazama kwa mbali.

Si kila ndege yenye haja ya geji hii. Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, ndege ya kwanza ya kampuni hiyo ilikuwa Gipsy Moth, ndege ya mbao na kitambaa yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine. Tangi lake liliwekwa katikati ya bawa la juu, mahali palipo juu kuliko injini, na petroli ikateremka yenyewe kama maji yateremkavyo kutoka katika pipa lililowekwa juu ya dari. Pampu haikuwako, kwa hiyo hapakuwa na msukumo wa pampu wa kupimwa. Hata Cessna 172, ambayo wengi wameiona ikipita juu ya mashamba yao, bawa lake liko juu, na zile zenye kabureta hulishwa petroli kwa njia hiyo hiyo ya mteremko.

Mambo hugeuka bawa linapowekwa chini. Mfano mzuri ni Piper Cherokee, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1960 na kuanza kutengenezwa katika kiwanda cha Vero Beach, Florida, nchini Marekani. Ndege za ukoo huo zimepita 30,000, na shule za urubani ulimwenguni kote, za Nairobi zikiwamo, zimewafundishia wanafunzi wengi. Matangi ya Cherokee yamo mabawani, chini ya injini, na petroli haipandi mlima kwa hiari yake. Basi injini huendesha pampu moja, na pampu ya pili ya umeme hukaa kama naibu. Wakati wa kuruka na wakati wa kutua pampu zote mbili hufanya kazi pamoja. Ndege ikiisha kupata kimo cha kutosha, rubani huizima ile ya umeme huku macho yake yameikazia geji. Mshale ukibaki mahali pake, ajua kwamba pampu ya injini i hai. Ukishuka, huiwasha tena ya umeme upesi na kutafuta mahali pa kutua. Hana shahidi mwingine wa kumweleza jambo hilo mapema. Injini yenyewe itamweleza, lakini kwa kunyamaza.

Msukumo wenyewe ni mdogo. Katika Cherokee za kawaida zenye kabureta, kitabu cha ndege chaagiza usipungue nusu ratili kwa kila inchi mraba, wala usizidi ratili 8. Gurudumu la motokaa hujazwa upepo wa ratili 30 hivi, kwa hiyo msomaji aweza kuona udogo wa nguvu inayopimwa. Petroli iliyosimama katika bomba la wima lenye urefu wa futi 3 hutoa msukumo wa karibu ratili 1 chini yake, nao unatosha kuilisha kabureta. Ndege nyingine, ambazo injini zake hunyunyiziwa petroli bila kabureta, hutaka msukumo mkubwa zaidi. Piper Arrow, kwa mfano, haitakiwi kushuka chini ya ratili 14.

UFUNDI WA MFARANSA

Geji hizi kuukuu ni matunda ya akili ya fundi mmoja wa Paris, Eugène Bourdon, aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1849, miaka zaidi ya 50 kabla ya kurushwa kwa ndege ya kwanza yenye injini. Wakati ule shida ilikuwa mvuke. Injini za mvuke zilikuwa zikipasuka na kuua watu, na vipimo vilivyokuwako vilikuwa vikubwa na dhaifu. Bourdon alichukua mrija wa shaba, akaubonyeza hata ukawa bapa, akaukunja kama mundu. Ncha moja aliiacha wazi ili mvuke uingie, na ncha ya pili akaiziba. Mvuke ulipoingia kwa nguvu, mrija ulitaka kunyoka, kama mpira wa kumwagilia maji uliolala chini umejikunja unavyojinyoosha bomba linapofunguliwa. Ile ncha iliyozibwa ilisogea kidogo tu. Lakini ikifungwa kwenye kijiti na kijiti kikashikana na meno ya kigurudumu kidogo, kusogea kule kidogo kuliuzungusha mshale mbele ya namba.

Jambo hilo lilikuwa jepesi sana, ndiyo maana likadumu. Madereva wa magarimoshi ya mvuke waliopandisha mabehewa kutoka Mombasa hata Kisumu walikuwa na geji ya namna hiyo mbele ya macho yao. Mwenye duka aliyewasha karabai ya Petromax jioni aliona kigeji kidogo penye kifuniko cha mafuta, chenye mstari mwekundu wa kumwonya asizidi kupiga pampu. Watengenezaji wa ndege hawakuona sababu ya kutafuta kitu kingine. Geji ya Bourdon haihitaji umeme, haihitaji betri, nayo ikitunzwa yaweza kusema kweli kwa miaka mingi.

Lakini mvuke ni maji. Ukivuja mbele ya dereva wa garimoshi humwunguza mkono. Petroli ni kitu kingine.

PETROLI MBELE YA MAGOTI

Ili geji ya Bourdon ipime msukumo wa petroli, hapana budi petroli yenyewe iifikie. Kwa hiyo katika ndege hizo mrija mwembamba hutoka upande wa injini, ukapenya ule ukuta wa chuma unaoutenga moto wa injini na chumba cha rubani, ukapanda nyuma ya ubao wa vipimo hadi kwenye geji. Petroli iliyomo hukaa pale pale, chini ya msukumo wa pampu, umbali wa mkono mmoja kutoka magoti ya rubani, katikati ya nyaya za redio na swichi za taa.

Mrija ukiwa mzima hakuna neno. Lakini injini hutetema maelfu ya mara kwa kila dakika, na shaba inayotetemeshwa bila kupumzika hugeuka kuwa ngumu na mwishowe hupata ufa. Mahali palipolehemiwa ndani ya geji hulegea. Nati iliyokazwa kupita kiasi na fundi wa zamani hupasua mdomo wa mrija. Mafundi wazoefu hutafuta alama moja kabla ya kutafuta kitu kingine chochote: doa la buluu. Petroli ya ndege inayotumika zaidi siku hizi katika injini za namna hii, ile iitwayo 100LL, imetiwa rangi ya buluu kusudi isichanganywe na nyingine. Inapovuja kidogo kidogo huruka hewani ikatoweka, lakini rangi yake hubaki. Fundi akimulika kurunzi nyuma ya ubao, akaona buluu imekauka kuizunguka nati ya geji, amekwisha kupata jibu, hata kama rubani aapa kwamba hajanusa kitu.

Moshi wa petroli usioonekana ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi wa kuni; hushuka chini na kujikusanya sakafuni, penye miguu, zulia na nyaya. Cheche moja ya swichi yatosha.

Waliotunga sheria za ndege hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Kanuni za Marekani, ambako ndege nyingi za namna hii zilitengenezwa, zadai kwamba kila mrija wa kipimo unaochukua mafuta yanayoshika moto uwekewe kizuizi mwanzoni mwake, upande wa injini. Kwa kawaida kizuizi hicho ni tundu dogo sana ndani ya kiungo cha mrija. Mrija ukikatika, petroli itatoka kwa matone au kwa uzi mwembamba, si kwa kumwagika kama ndoo iliyopinduka. Ni akili njema, na bila shaka imewaokoa watu. Hata hivyo, tundu hilo lapunguza hatari tu. Haliiondoi petroli chumbani. Tena laweza kuzibwa na uchafu, na likizibwa, mshale hukwama pale ulipokuwa, ukaendelea kuonyesha kijani hali pampu imekwisha kufa.

Hapo ndipo penye ubaya mkubwa kuliko hata kuvuja. Meno ya kile kigurudumu kidogo hulika, mshale ukalegea. Mrija uliokunjwa huchoka, usirudi tena sifuri injini inapozimwa. Rubani hugonga kioo kwa kidole, mshale ukaruka, naye akaridhika. Baada ya mwezi mmoja huzoea kugonga. Baada ya mwaka humwambia mwanafunzi wake, "Usiijali hiyo, ni mzee, ndivyo inavyocheza." Siku pampu itakaposhindwa kweli, mshale utashuka kama ulivyokwisha kushuka mara mia, na hakuna atakayeuamini. Geji inayosema uongo ni mbaya kuliko tundu tupu lililoachwa katika ubao, kwa maana tundu tupu halimpi mtu matumaini.

Kuna uongo wa namna nyingine pia, ambao si kosa la uzee. Katika ndege kadhaa zenye injini za kunyunyiziwa, kipimo kilichoandikwa galoni kwa saa hakipimi galoni hata kidogo. Ndani yake mna mrija ule ule wa Bourdon, unaopima msukumo. Namba za galoni zimechorwa tu juu ya uso wake, kwa hesabu ya kwamba msukumo fulani hupitisha petroli kiasi fulani. Hesabu hiyo ni sawa maadamu matundu ya kunyunyizia ni safi. Tundu moja likizibwa na taka, petroli inayopita hupungua lakini msukumo nyuma yake huongezeka. Kipimo basi huonyesha kwamba injini inakunywa zaidi, hali moja ya silinda zake inakaribia kufa njaa. Rubani asiyejua siri hiyo aweza kupunguza petroli mahali ilipopasa kuongezwa.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Mwenye ndege akiona mshale unachezacheza, jambo la kwanza si kufungua mkoba. Mshale waweza kucheza kwa haki. Katika joto kali, hasa baada ya kusimama kwa muda mfupi uwanjani na injini bado ya moto, petroli iliyomo katika mabomba huanza kuchemka, na mapovu yake huvuruga msukumo. Miinuko mirefu huzidisha jambo hilo, na uwanja wa Wilson wenyewe uko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari. Pampu iliyochoka, au chujio lililojaa taka, huleta dalili hiyo hiyo. Wako waliobadilisha geji mara mbili, na ugonjwa ulikuwa katika pampu.

Kwa hiyo fundi mwangalifu huunga kwanza geji nyingine, iliyopimwa na kuthibitishwa, katika njia ile ile ya petroli, akaziweka mbili zishindane. Na ile iliyothibitishwa huthibitishwaje? Katika karakana za vipimo mna mtambo ambao karani yeyote aliyepata kusimamia mizani ya kahawa au pareto atauelewa mara moja. Ni silinda yenye mafuta ndani, na juu yake fimbo ya chuma iliyonyooka sana, ambayo upana wa kitako chake wajulikana kwa hakika. Juu ya fimbo huwekwa mawe ya mizani. Kitako kikiwa na eneo la inchi mraba 1, na uzito wa fimbo na mawe pamoja ukawa ratili 8, msukumo wa mafuta yaliyo chini hauna njia ila kuwa ratili 8 kwa kila inchi mraba. Geji isiyosoma hivyo yakosea.

Geji ikionekana kuwa na kosa, mwenye ndege ana njia tatu. Aweza kuipeleka kwa fundi wa vipimo mwenye idhini ikafunguliwa na kutengenezwa. Aweza kununua nyingine ya namba ile ile. Au aweza kuachana na mrija kabisa, akaweka geji ya umeme. Njia mbili za kwanza ni nyepesi kwa karatasi, lakini zairudisha petroli pale pale ilipokuwa.

Katika habari ya kufungua geji za zamani yafaa kutoa tahadhari moja ambayo vijana wengi hawaijui. Vipimo vingi vya ndege vya wakati wa Vita Kuu ya Pili, na vya miaka kadhaa baadaye, vilipakwa rangi ya kung'aa gizani iliyochanganywa na radiamu. Leo rangi hiyo haing'ai tena. Imegeuka kahawia na kuanza kubanduka. Mtu asiyejua hudhani ubaya wake umekwisha pamoja na mwanga wake. Kilichochakaa ni ile dawa ya kung'aa tu. Radiamu yenyewe hupunguka nusu kwa miaka 1,600 hivi, kwa hiyo ingalimo karibu yote. Vumbi lake likiingia mapafuni au tumboni ni sumu ya maisha. Kioo cha geji kama hiyo hakifunguliwi juu ya meza ya kazi, wala uso wake hausuguliwi kwa kitambaa ili upendeze na kuwekwa sebuleni.

WAYA BADALA YA MRIJA

Geji ya umeme hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Upande wa injini, nje ya chumba, hufungwa kichombo kidogo cha chuma kiitwacho kihisi. Ndani yake mna utando mwembamba. Petroli huusukuma utando huo, nao ukajipinda kiasi kisichoonekana kwa macho. Juu yake pamebandikwa njia nyembamba za umeme, ambazo zikivutwa huupitisha umeme kwa shida zaidi, na zikilegea huupitisha kwa wepesi. Badiliko hilo husafiri kwa waya hadi kwenye ubao wa vipimo, ambako chombo kingine hulisoma na kuligeuza kuwa namba au mshale. Kitu pekee kinachopenya ukuta wa injini ni waya. Petroli hubaki upande wake.

Mara nyingi kioo kimoja cha namna hii huonyesha mambo mengi pamoja: msukumo wa petroli, msukumo wa oili, joto la kila silinda, hata galoni za kweli zinazopita, zikihesabiwa na kigurudumu kidogo kinachozungushwa na petroli yenyewe. Huweza kuwasha taa nyekundu mara msukumo unaposhuka chini ya kiwango, bila kungoja rubani atupe jicho. Na huweka kumbukumbu, kwa hiyo fundi aweza kusoma jioni jambo lililotukia saa nne asubuhi.

Sifa hizo zimewavuta wenye ndege wengi, na hapo ndipo baadhi yao hupotea. Ndege yenye injini inayolishwa kwa pampu haikupewa cheti chake ila ikiwa na geji ya msukumo wa petroli. Geji hiyo ni sehemu ya ndege kama bawa lilivyo sehemu yake. Baadhi ya vyombo vipya vimeidhinishwa kuchukua mahali pa geji ya kwanza. Vingine vimeruhusiwa kukaa kando yake tu, kama msaidizi, na geji ya zamani hapana budi ibaki na kufanya kazi. Kwa macho vyombo hivyo viwili hufanana kama mapacha. Tofauti imo katika karatasi. Mtu aliyenunua cha pili akaitupa geji ya zamani amebaki na ndege isiyokuwa halali kuruka, hata kama kioo chake kinang'aa kuliko vyote uwanjani. Nchini Kenya, mambo ya namna hii yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, iliyoundwa mwaka 2002. Kazi yenyewe hufanywa na kutiwa sahihi na fundi mwenye leseni, kwa kufuata maagizo yaliyoidhinishwa, si kwa kubahatisha.

Siku ya kazi, betri hufunguliwa kwanza na bomba la petroli hufungwa. Chombo cha kuzimia moto huwekwa karibu, milango ya ndege huachwa wazi, na hakuna anayevuta sigara karibu na banda. Mrija wa zamani huondolewa wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Haufai kuachwa ukining'inia umezibwa mdomo, kwa maana siku moja mtu atausahau. Tundu ulilopita katika ukuta wa injini huzibwa kwa kitu kisichoshika moto. Kihisi hakifungwi moja kwa moja juu ya injini. Wako waliofanya hivyo ili kupunguza kazi, na mtetemo ukakivunja kiungo cha shaba mahali pabaya kuliko pote, kando ya mabomba ya moshi yenye moto mkali. Hufungwa katika ukuta, kikaungwa na pampu kwa mpira laini uliokingwa dhidi ya moto. Waya wa arthi hupewa mahali safi pa chuma, kwa sababu arthi mbaya huzifanya namba zirukeruke kuliko mshale wa geji iliyochoka, na mwenye ndege akaona amelipa fedha nyingi ili abadilishe uongo kwa uongo.

Mipaka ya kijani na nyekundu katika chombo kipya hupangwa sawasawa na kitabu cha ndege ile, wala si ndege nyingine inayofanana nayo. Kisha pampu ya umeme huwashwa, injini ikiwa imezimwa, na fundi hupitisha kurunzi na kidole kikavu katika kila kiungo. Uzito wa vitu vilivyotoka na vilivyoingia huandikwa, kwa maana hata ratili moja iliyoongezwa mbele huhesabiwa katika mizani ya ndege.

Ni haki kusema kwamba geji mpya ina udhaifu ambao ile ya Bourdon haikuwa nao. Umeme ukikatika angani, kioo huzimika, na vipimo vyote vilivyomo huenda pamoja nacho kwa mara moja. Injini haitasimama kwa ajili hiyo, kwa kuwa cheche zake na pampu yake huendeshwa na injini yenyewe. Lakini rubani atakuwa kama mtu anayetembea njia aijuayo usiku bila taa. Vyombo vingine hutiwa betri ndogo ya akiba. Marubani wazee waliozoea mshale hulalamika pia kwamba namba hutaka kusomwa, hali mshale hutazamwa tu. Wana haki, na watengenezaji wengi wamewasikia, ndiyo maana vioo vingi huchora mshale kando ya namba.

Kazi ikiisha, ndege husukumwa nje. Injini huwashwa, pampu ya umeme huzimwa, na watu wawili hutazama kioo kipya kwa dakika kadhaa bila kusema neno. Fundi huandika katika kitabu cha ndege tarehe, namba ya kitu kilichotoka, namba ya kitu kilichoingia, na jina la idhini iliyofuatwa, kisha hutia sahihi. Geji ya zamani haiachwi juu ya rafu hivi hivi, maana nje bado yaonekana nzima, na mtu mwenye haraka aweza kuikuta na kuifunga katika ndege nyingine. Huzibwa mdomo kwa kifuniko ili petroli iliyobaki isidondoke, ikafungwa kwa uzi karatasi nyekundu yenye maandishi kwamba haifai, pamoja na sababu yake, na kuwekwa katika sanduku lenye kufuli.